Helmeti ya aero kwenye joto la Pwani: kuichagua, kuifunga na kuifanya ipitishe hewa

Joto la Disemba mpaka Machi likiingia swali linarudi lile lile, ivi mtu anayeendesha baiskeli ya mbio Dar, Tanga au Mombasa anaweza kweli kuvaa helmeti ya aero, yaani ile iliyofungwa, yenye matundu machache na umbo la kukata upepo, bila kichwa kuchemka? Anaweza. Ila sio kila helmeti na sio kila njia, na mimi naamini kabisa kwamba malalamiko mengi ya joto hayatokani na uchache wa matundu, yanatokana na helmeti ambayo haijakaa kichwani: saizi sio yake, pedi ya mbele imeziba njia ya hewa, mikanda imejipinda, kizungushio cha nyuma (kile cha kukazia helmeti kisogoni) kimekazwa mpaka paji la uso limebaki na alama, alafu lawama zote anapewa aero. Ndo maana mwongozo huu unaanza kabla hujafika dukani.

Historia kidogo ili tuelewane sifa mbaya ya hizi helmeti imetoka wapi. Mwaka 2011 Mark Cavendish, mwendesha baiskeli wa mbio wa Uingereza, alichukua ubingwa wa dunia Copenhagen akiwa na helmeti ya kawaida iliyofunikwa gamba la plastiki juu, matundu yamezibwa makusudi ili hewa iteleze. Mwaka uliofuata, 2012, Giro wakatoa Air Attack yenye matundu 6 tu, 2013 Specialized wakaja na Evade, na kampuni zingine nazo zikaingia. Zile za mwanzo zilikuwa na joto kweli, hakuna haja ya kubishana. Za sasa hivi ni kitu kingine, mfano MET Manta, Giro Eclipse, Lazer Vento au Evade toleo la 3, matundu bado ni machache lakini ni mapana na yamekaa pale upepo unapogonga, na ndani kuna mifereji mirefu inayopeleka hewa mpaka kisogoni. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema aero zote ni sufuria muulize kwanza alivaa ya mwaka gani.

HATUA YA 1: Jua upepo unaopita kichwani mwako

Watu wanaangalia spidi kwenye saa wanasema mimi naenda 30, hewa inatosha. Hapana. Kinachopoza kichwa ni spidi ya hewa inayopita juu yako, na hiyo inategemea na upepo wa siku hiyo. Chukua njia ya Bagamoyo, ukitoka Tegeta, Bunju, unaelekea Mapinga. Miezi ya kusi upepo unatoka kusini mashariki, yaani unakusukuma mgongoni karibu njia nzima ya kwenda. Unakimbia 30, upepo wenyewe unakwenda 20 upande huo huo unaokwenda wewe, kwa hiyo kichwani inapita hewa ya kilomita 10 tu kwa saa. Hapo hata helmeti yenye matundu 20 utatoka jasho. Ukigeuza kurudi Dar na spidi yako imeshuka mpaka 25, kichwani inapita 45, na hapo ndo aero inafanya kazi zake zote mbili kwa wakati mmoja, inakata upepo na inavuta hewa ndani.

Na mlimani ni hivyo hivyo. Mombo kupanda Lushoto ni kama kilomita 33 za kona na mwinuko, Kitonga kule Iringa nayo inajulikana, unapanda kwa 10 au 12 kwa saa, jua linapiga, misuli inafanya kazi kuliko wakati wowote. Mwili wa binadamu unageuza kama robo tu ya nguvu, au chini ya hapo, kuwa mwendo, kinachobaki kinatoka kama joto. Ukikanyaga wati 200, mwili unazalisha joto la wati 600 mpaka 800, na ili joto hilo liondoke kwa jasho peke yake unahitaji kama lita moja ya jasho likauke kila saa. Likauke, sio lidondoke. Jasho linalochuruzika kwenye pua halijakupoza karibu chochote, na ukanda wa Pwani hewa yenyewe imeshiba maji, haipokei jasho kwa urahisi. Hiyo ndo shida yetu kubwa kuliko hata hilo jua.

Sasa upande wa faida. Nguvu unayookoa kwa kukata upepo inapanda haraka sana na spidi, ukienda mara mbili faida inazidishwa mara nane. Ukigeuza hesabu maana yake faida unayopata ukiwa 40 kwa saa, ukiwa 20 inabaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli kabisa, raidi zako ni zipi? Kama ni kundi la Jumapili asubuhi njia tambarare mnapiga 35 na zaidi, aero inakulipa na hewa utaipata. Kama wewe ni mtu wa milima, Usambara, Uluguru, Ngong, unatumia saa nzima chini ya 15, chukua helmeti ya matundu mengi na wala usione umekosa kitu. Hata wale wa mashindano makubwa wanabadilisha, siku ya tambarare aero, siku ya milima mikubwa wengi wanarudi kwenye nyepesi yenye matundu. Na kama unaweza kununua moja tu basi kuna za katikati, matundu ya wastani na umbo lililofungwa kidogo nyuma, mimi kwa mtu wa Pwani anayeendesha mchanganyiko ningemshauri hiyo.

Watu wa baridi, Njombe, Mbeya, Limuru, Iten, kwenu hadithi ni tofauti kabisa. Asubuhi ya Julai Njombe mtu anatamani hata hayo matundu machache yazibwe, na masika nayo helmeti iliyofungwa inazuia mvua isikuingie kichwani moja kwa moja.

HATUA YA 2: Soma helmeti kwa ndani, sio kwa nje

Dukani kila mtu anaigeuza kwa nje, anahesabu matundu, anaangalia rangi. Wewe igeuze tumbo juu.

Unatafuta vitu vitatu. Kwanza mlango wa hewa juu ya nyusi, uwazi kati ya paji la uso na ukingo wa mbele wa helmeti. Helmeti nzuri ya aero ina nafasi pale, hewa inaingia hata kama tundu la juu ni dogo. Pili mifereji ndani ya povu gumu, inatoka mbele kwenda nyuma bila kukatizwa. Ingiza kidole cha shahada kwenye tundu la mbele ufuate mfereji, kidole kisikwame kwenye pedi wala kwenye ukuta wa povu, na mfereji uwe na kina cha kuonekana, sio mchoro tu. Tatu matundu ya kutokea kisogoni. Hapa ndo wengi wanapitwa. Nyumba yenye dirisha la mbele bila la nyuma haipati upepo hata ukifungua lile la mbele lote, na helmeti ni hivyo hivyo, ukiwa kwenye mwendo nyuma ya kichwa kunakuwa na mgandamizo mdogo wa hewa unaovuta ile iliyoko ndani itoke, kama hakuna pa kutokea hewa inasimama na inapata moto. Kwa hiyo mbele matundu manne makubwa na nyuma manne makubwa ni bora kuliko kumi na tano yametawanyika bila mfereji.

Iinue pia kwenye mwanga uchungulie kutoka nyuma. Ukiona mwanga umenyooka toka mbele hiyo inapita.

Kuhusu ule utando wa plastiki ndani ya helmeti unaoitwa MIPS, mara nyingi wa njano, unaoruhusu helmeti kuzunguka kidogo kama milimita 10 mpaka 15 ukianguka ili ubongo usisukwesukwe. Ni kitu kizuri mimi naupenda, ila kwenye helmeti zingine ule utando unafunika sehemu ya mfereji. Angalia matundu yake yamelingana na matundu ya helmeti au yamepishana. Matoleo mapya mengine yameuingiza ndani ya pedi zenyewe, hapo hewa haizibwi.

Helmeti zenye kifuniko cha kusogeza, unafunga ukiwa tambarare unafungua ukipanda, zinavutia sana na kwa wazo ni nzuri. Ila huku kwetu chumvi ya jasho na vumbi vinaganda kwenye kile kireli, usipoosha mara kwa mara kinakwama kikiwa kimefungwa.

HATUA YA 3: Pima kichwa, saizi na umbo

Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa, juu ya nyusi kama vidole viwili na nyuma pale palipochomoza zaidi. Pima zaidi ya mara moja uchukue namba kubwa. Saizi za kampuni hazifanani, kwa Giro M ni 55 mpaka 59, kwa mwingine M inaanzia 52, kwa hiyo usiseme mimi ni M, sema mimi ni sentimita 57.

Ukiwa mpakani, mfano 58 na nusu, na helmeti ni ya aero, mimi nakushauri nenda saizi ya juu kama kizungushio kinaweza kukushika vizuri. Helmeti ya aero ina ukuta mwingi uliofungwa, ikikubana pembeni hewa haina pa kupita kabisa na ngozi yote imegusana na pedi. Ila ikicheza hata baada ya kukaza basi ni kubwa, rudi chini.

Umbo nalo. Kuna vichwa vya duara na kuna virefu kwenda nyuma. Dalili ziko wazi, ikiuma kwenye paji la uso na kisogoni huku pembeni kuna nafasi ya kidole, helmeti ni ya duara na kichwa chako ni kirefu. Ikiuma juu ya masikio huku mbele na nyuma kuna uwazi, kinyume chake. Hakuna pedi itakayotibu hilo, badilisha kampuni. Ukiwa dukani ivae dakika 10 hadi 15 mfululizo, usiivue, piga stori na muuzaji, jibu ujumbe wa simu, alafu vua ujiangalie kwenye kioo. Alama nyekundu ya mviringo mzima iliyo sawasawa haina shida, inapotea. Alama ya doa moja lililokolea ni sehemu itakayokuwa inakuuma kuanzia saa ya pili ya raidi.

Kuhusu mitumba. Najua bei za mpya, hizi za juu zinafika dola 250 hadi 300 huko nje, bado usafiri na ushuru, na mtumba unaipata kwa bei ya chakula cha mchana. Lakini hujui iliangukiwa wapi. Povu la helmeti linafanya kazi kwa kupondeka, likishapondeka mara moja limemaliza kazi, na ufa unaweza ukawa chini ya gamba la nje usiuone. Bora mpya ya bei ya chini yenye stika ya EN 1078 (kipimo cha usalama cha Ulaya) au CPSC (cha Marekani) ndani kuliko jina kubwa la mtumba. Na hizo za bei ya kutupa zinazofanana na za majina makubwa mpaka nembo, achana nazo kabisa, kwenye picha zinafanana ila hakuna anayejua povu lake ni la nini.

HATUA YA 4: Jaribio la udi

Hili ni la nyumbani baada ya kununua, au kabla kama rafiki yako anayo akuazime. Unahitaji feni ya mezani, kijiti cha udi, na mtu wa kuivaa. Mwenye helmeti akae kwenye kiti, ainamishe kichwa mbele kama yuko kwenye baiskeli ameshika sehemu ya chini ya usukani, maana helmeti hizi zimepimwa kwa mkao huo na ukikaa wima kama uko kwenye daladala matokeo hayana maana. Feni mbele yake kama mita moja, spidi ndogo kabisa. Washa udi, shika kijiti mbele ya paji la uso kwa umbali kama wa shubiri moja, usikisogeze karibu maana gamba ni plastiki na mikanda ni nailoni, inaungua.

Sasa angalia moshi. Ukiingia juu ya nyusi ukapotea, kisha baada ya muda mfupi ukaanza kutoka kisogoni kwenye vinyuzi vyembamba, mfereji uko wazi. Ukigonga ukingo wa mbele ukagawanyika kupita pembeni, hewa haiingii, na mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: helmeti imevaliwa imeinuka nyuma, au pedi ya mbele ni nene na imejaza ule uwazi. Ukiona moshi unaingia lakini unarudi kutokea mbele, nyuma kumezibwa, angalia nywele, angalia pedi ya utosini. Rekebisha, rudia. Ongeza feni spidi ya juu uone tofauti, hapo utaelewa kwa macho kwa nini kwenye mpando unaungua na kwenye tambarare uko sawa.

Fanyia barazani au uani, ndani moshi unajaa na huoni kitu.

Pedi nyingi zimeshikwa na velkro, unaweza kuzisogeza milimita chache zisikae katikati ya mfereji, zikae kwenye matuta kati ya mifereji. Wengine wanatoa pedi moja ya juu kabisa na inasaidia hewa, sawa, ila ukishatoa tikisa kichwa na mkanda ukiwa wazi, helmeti ikizunguka rudisha. Kitu ambacho usifanye hata siku moja ni kutoboa tundu, kukwangua povu au kukata gamba. Gamba na povu vimeunganishwa kufanya kazi pamoja, kipimo cha EN 1078 kinaidondosha helmeti ikiwa na kichwa cha chuma ndani kwa spidi ya mita 5.42 kwa sekunde, sawa na kuanguka toka kama mita moja na nusu, na ilifaulu ikiwa nzima. Ukiitoboa hiyo sio ile iliyopimwa.

HATUA YA 5: Kuifunga

Vaa imelala sawa, ukingo wa mbele vidole viwili juu ya nyusi. Kuna tabia ya kuisukuma nyuma ili paji la uso lipate hewa. Paji linapata hewa kweli, lakini ule mlango wa juu ya nyusi unakuwa umeangalia angani, hewa haiingii tena ndani, na ukianguka kwa uso hakuna kinachokukinga.

Kizungushio cha nyuma kaza mpaka helmeti isogee na ngozi ya kichwa ukiitikisa, basi, ishia hapo. Helmeti inashikwa na vitu viwili, kizungushio na mikanda, na kosa la wengi ni kulegeza mikanda kisha kukaza kizungushio kama boliti. Kichwa kinauma, pedi ya mbele inakamuliwa na jasho lote linashuka machoni. Nyingi kile kitanda cha nyuma, plastiki inayoshika kisogo, kinapanda na kushuka, shusha mpaka kikae chini ya lile tuta la kisogo, hapo utashangaa unahitaji kukaza kidogo tu.

Mikanda itengeneze herufi Y chini kidogo ya sikio, isiguse sikio, isipinde. Chini ya kidevu vidole viwili vipite, ukifungua mdomo sana uhisi helmeti inavutwa chini. Ncha ya mkanda iliyobaki ndefu ikate, uichome kidogo isifumuke, kwa sababu ile ikipigapiga kwenye shavu kwa 40 ni kelele za kukera na inakuumiza ngozi.

Miwani ivae juu ya mikanda, mikono ya miwani iwe nje. Kama inagonga kile kitanda cha nyuma, na kwa aero inatokea sana kwa vile kuta zimeshuka, tafuta miwani ya mikono mifupi au iliyonyooka. Wakati wa kununua helmeti nenda na miwani yako.

HATUA YA 6: Jasho, nywele na kinachoshuka machoni

Hapa ndo pa kukaa muda kidogo, maana kwa hali ya hewa yetu jasho litakuwepo hata uvae nini, kazi yako ni kulipangia njia.

Pedi ya mbele ikishashiba maji haipokei tena, inasubiri uinamishe kichwa au uguse kizungushio iachie yote kwa mara moja, na mara nyingi inaachia ukiwa unateremka, wakati unahitaji macho kuliko yote. Kwa hiyo kabla ya mteremko, ukiwa sehemu salama barabara imenyooka na hakuna gari nyuma, kaa wima kidogo, bonyeza ukingo wa mbele wa helmeti kwa kiganja kuelekea kwenye paji la uso. Maji yatatoka kwenye pedi yatiririke chini, yafute kwa glavu, alafu teremka. Kitu kidogo sana ila kinabadilisha raidi.

Kama unatoka jasho jingi kuliko wengine kuna pedi za mbele zenye ukanda wa silikoni unaopeleka jasho pembeni kwenye panja, zinauzwa peke yake na nyingi zinaingia kwenye helmeti yoyote. Bandeji nyembamba ya kichwa ya kitambaa cha michezo nayo inafaa, beba mbili ubadilishe katikati ya safari. Kitambaa cha pamba, hapana, kinakuwa kizito na kinaziba mlango wa hewa. Kofia ya baiskeli ya kitambaa chini ya helmeti ni nzuri kwa wenye vipara maana jua linapitia kwenye matundu likakuachia madoa, ila kwenye aero iwe nyembamba kabisa.

Mafuta ya nywele na losheni. Ukipaka mafuta asubuhi mbele ya nywele, kufika Bunju yameshuka na jasho yako machoni yanawasha. Acha sehemu ya mbele kavu siku ya raidi. Losheni ya jua paka mashavuni, puani, shingoni nyuma, masikioni, ila juu ya nyusi acha ukanda mtupu, pale helmeti inakukinga.

Nywele zilizosukwa inategemea na mtindo. Twende kilioni inayolala na kwenda nyuma haina shida yoyote, mistari inafuata mifereji na kati yake hewa inapita mpaka kwenye ngozi. Misuko minene iliyofungwa juu ya kichwa inainua helmeti, hiyo sio suala la joto tu ni la usalama, helmeti haishiki. Rasta zifungwe chini shingoni, na pima kichwa ukiwa na nywele zilivyo, sio zilivyokuwa mwezi uliopita. Ule utando wa njano unanasa nywele, ukivua vua polepole ukiinua nyuma kwanza.

Dada zangu wa hijabu, na Mombasa na Zanzibar mpo wengi tu, mtandio wa kawaida ukiviringishwa unaleta safu mbili tatu chini ya helmeti na pini zake ni hatari ukianguka. Hijabu ya michezo ya kitambaa chepesi safu moja, isiyo na mshono kwenye paji la uso, ndo inayokubaliana na helmeti ya aero. Pima saizi ukiwa umeivaa.

HATUA YA 7: Raidi ya majaribio

Usiingie nayo kwenye raidi ndefu ya kwanza. Toka saa 12 asubuhi, mwendo wa saa moja na nusu unatosha, njia yenye sehemu ya tambarare na kamlima kamoja, Pugu kwa wa Dar panafaa. Kwenye tambarare sikiliza masikio, mvumo mkubwa upande mmoja maana yake mkanda umejipinda au helmeti imekaa upande. Kwenye mlima panda taratibu kwa makusudi, chini ya 15, dakika kumi hivi, uone kichwa kinajisikiaje kikiwa hakina upepo. Ukifika juu usisimame ghafla, ukisimama hewa inakatika na joto lote linakujia kichwani kwa mara moja, tembeza pedali kidogo. Ukisimama kabisa, vua.

Ukiwa nyuma ya wenzako kwenye kundi hewa inapungua pia, hilo watu hawalifikirii. Siku ya joto kali sogea nusu gurudumu pembeni ya mgongo wa mwenzako kila baada ya muda, upepo ukugonge kidogo kichwani, gharama yake ni ndogo. Maji ya kumwaga mwaga kisogoni na kwenye matundu ya mbele, yakiwa ya baridi yanabeba joto hata kama hayakauki haraka. Panga umalize kabla ya saa 4 asubuhi ukiweza.

Na ukianza kuhisi vipele vya baridi mwilini wakati jua linawaka, kichwa kinagonga, unaona kizunguzungu au unajibu watu mambo yasiyoeleweka, huko sio kuchoka, ni mwili umeshindwa kujipoza. Shuka, kivulini, vua helmeti na jezi, maji na barafu shingoni na kwapani, na wenzako wakupeleke hospitali usiporudi sawa haraka.

Kitu kimoja sikubaliani nacho kabisa ni kuning'iniza helmeti kwenye usukani wakati wa kupanda kwa sababu ya joto. Mashindano makubwa yalifanya helmeti kuwa lazima mwaka 2003 baada ya Andrey Kivilev wa Kazakhstan kuanguka na kufariki kwenye mashindano ya Paris–Nice huko Ufaransa, na mwanzoni waliruhusu kuivua kwenye mlima wa mwisho, baadaye ruhusa hiyo ikaondolewa. Kwa barabara zetu za malori, Kitonga na Lushoto, mlimani ndo unahitaji zaidi. Kama joto linakulazimisha kuivua basi helmeti hiyo sio ya njia hiyo, rudi hatua ya 1.

HATUA YA 8: Kuosha na kuhifadhi

Ile mistari myeupe kwenye mikanda ni chumvi, inafanya mkanda kuwa mgumu kama kamba na ndo inayokuwasha chini ya kidevu. Baada ya kila raidi ya joto toa pedi, zikamue kwa maji na sabuni ya mche kidogo, anika kivulini. Helmeti yenyewe maji ya vuguvugu na sabuni laini kwa mkono, usitumie petroli, tina wala dawa za kuua wadudu, zinakula povu. Kile kireli cha kifuniko na kizungushio pitisha mswaki wa zamani. Pedi zikishakuwa bapa hazirudi juu, nunua mpya, pedi mpya zinarudisha ule uwazi wa mbele na watu wengi wanadhani helmeti imezeeka kumbe ni pedi.

Usiiache kwenye gari juani, hasa juu ya dashibodi au nyuma ya kioo, joto la pale linaweza kuvimbisha gamba likaachana na povu. Bonyeza gamba kwa dole gumba, likiwa na mapovu au linalia krakra, imekwisha. Kampuni nyingi zinasema ibadilishwe baada ya miaka 3 hadi 5, na kwa jasho na jua letu mimi nakaa upande wa 3. Ikiangukiwa hata mara moja kichwa kikagonga chini, badilisha hata kama inaonekana nzima, na kabla ya kuitupa kata mikanda yote kwa mkasi na uvunje kizungushio, ili mtu asiiokote akaiuza tena.